Jicho la Pili Hunywa Chai Nje

Makoroboi siku ya Jumamosi haina njia. Mtu hupita pale anapopishwa. Wauza mitumba wanaita, wauza sufuria wanagonga vifuniko, na jua la Mwanza linapenya katikati ya miamvuli na kuangukia kila kinachong'aa. Katika mng'aro huo Alexander aliona kwanza mkono, kisha kioo kidogo chenye mpini mrefu, kisha msichana mwenyewe, amechuchumaa, akikiingiza kioo chini ya meza ya muuzaji.

Alivaa gauni la kitenge cha njano, na kilemba cha kitambaa hicho hicho. Uso wake hakuutazama kwenye kioo hata mara moja.

"Dada," Alexander alisema, "hicho ni cha kujitazamia uso, siyo miguu ya meza."

"Uso wangu naujua." Hakugeuka. "Nataka kuona nyuma ya kitu bila kukizunguka."

"Kitu gani?"

"Mkia wa ndege. Mimi ni fundi, kule uwanjani. Rubani anavuta usukani mbele, mimi nahakikisha mkia unamsikia nyuma."

"Basi tuna kesi. Hicho kioo nilikifuata mimi. Wateja wangu wanapenda kuona koti linavyokaa mgongoni."

Sasa aligeuka. Akaona kijana mrefu, shati jeupe lililokatwa vizuri, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni kama mtu aliyetoka dukani bila kujikagua.

"Fundi cherehani?"

"Nyakato. Njia ya viwandani."

"Basi wote mafundi. Ila wewe ukikosea, suruali inabana tu."

"Na wewe?"

"Wateja wangu hawarudi kulalamika."

Alexander alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akamtazama upya. Muuzaji aliyekuwa akiwasikiliza akasema kama hawanunui wampishe anayenunua.

"Chukua kioo," Alexander alisema. "Niachie namba."

"Namba ya ndege?"

"Ya fundi."

Jina lake lilikuwa Odeta. Alimpa namba akimtajia haraka, kwa makusudi, aone kama atashika. Alishika.

Siku zilizofuata zilipita kama zinavyopita mawingu juu ya ziwa, mtu haoni yakisogea, akitazama tena hayapo. Jioni simu iliita Nyakato, au iliita Ilemela, kwa Odeta.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe umeshona?"

"Nimeshona vibaya. Nilikuwa nakuwaza."

"Usiniwaze ukiwa na suruali ya mtu mkononi."

Jumapili walikwenda Igombe, ng'ambo ya uwanja, ambako mawe makubwa yanaingia majini na dagaa wameanikwa mchangani wakimeta. Ndege zilishuka juu ya maji zikipita vichwani mwao, chini kabisa, na kivuli cha kila moja kiliwagusa mabegani na kuondoka. Odeta kila mara alinyamaza hadi magurudumu yaguse ardhi. Alexander alijifunza kunyamaza naye.

"Unasikiliza nini?"

"Sisikilizi. Nasubiri tu."

Siku moja alimweleza. Kuna nyaya zinazotoka kwenye usukani, zinapita chini ya sakafu hadi mkiani. Rubani akivuta, nyaya zinavuta, mkia unajibu, ndege inainua pua. Mtu akizigusa nyaya hizo, hata kwa kufungua bolti moja, haruhusiwi kuikagua kazi yake mwenyewe. Lazima aje mwingine ambaye mkono wake haumo. Wao walimwita jicho la pili.

"Na kazi ikiendelea, jicho la pili linafanya nini?"

"Linakunywa chai nje. Mzee Kashindye hataki hata uchungulie. Anasema ukiona kazi inavyofanywa, baadaye utaona ulichokwisha kuona, hutaona kilichopo."

"Mbona mimi nashona na kukagua mwenyewe."

"Ndiyo maana hicho kifungo cha tatu kimekaa upande."

Alexander alitazama shati lake. Kifungo kilikuwa upande kweli.

Mama yake Alexander, Mama Bernadeta, aliishi Bukoba. Alikuwa na sauti nyembamba iliyofika kwenye simu kama inatoka nyuma ya migomba.

"Shikamoo, mama," Odeta alisema siku alipopewa simu kwa ghafla, akiwa na samaki mdomoni.

"Marahaba, mwanangu. Huyo anakulisha?"

"Ananilisha sato, mama. Kila siku sato."

"Mwambie ndizi hazijaisha Bukoba. Njooni kwenye msimu wa senene, niwakaangie mwenyewe. Usimwache aje peke yake, akija peke yake anakula na kulala tu."

Odeta alicheka hadi akatokwa machozi. Hakuwahi kumwona mama huyo uso kwa uso. Lakini tangu siku ile alimpigia kila Alhamisi, na wakati mwingine Alexander alikuta mambo yake yote yanajulikana Bukoba kabla hajayasema.

Halafu kukaja asubuhi moja ya ukungu, ziwa na mbingu vikiwa rangi moja. Dada yake Alexander, Gladness, alipiga kutoka Bukoba.

"Kaka, mama amezidiwa, ameamka anakuuliza. Daktari anasema tukuite. Njoo leo, usiseme kesho."

Mabasi yalikuwa yamekwisha kuondoka. Alexander akampigia Odeta akiwa bado hajavaa viatu.

"Njoo uwanjani," Odeta alisema. "Ndege yetu ya asubuhi ina nafasi. Iko kwenye ukaguzi, lakini tunamalizia. Njoo, mpenzi. Utamkuta."

Wiki ile watengenezaji walikuwa wametoa amri kwa ndege zote za aina ile, popote zilipo duniani. Bolti zinazoshika nyaya za mkia zifunguliwe, zitazamwe, zifungwe upya, kabla ndege haijaruka tena. Mzee Kashindye alikuwa ndani ya banda tangu alfajiri, amelala ubavu ndani ya mkia, miguu ikining'inia nje. Msaidizi wake alikuwa anaumwa. Odeta alikuwa jicho la pili, na alikuwa nje, kwenye benchi, na kikombe cha chai.

Chai ilipoa. Alimsikia mzee akihema, akasikia waya ukiponyoka na kugonga bati. Ukaponyoka tena. Ng'ambo ya uzio aliona pikipiki ikisimama, na Alexander akishuka na begi moja, shati la juzi, kola imekunjika. Alizoea kumwona nadhifu. Kola ile ilimwingia moyoni kama mwiba.

Akaweka kikombe chini, akaingia.

"Mzee, nipe nishike."

"Toka, mwanangu. Nitaupata."

"Kuna mtu anasubiri, mzee. Nipe."

Aliushika waya, akauvuta ukanyooka, na Kashindye akaingiza bolti, akakaza, akatia pini. Dakika chache tu. Mzee akatoka, akajifuta mikono, akampa tochi.

"Haya, kagua."

Odeta aliingiza kichwa ndani ya mkia. Mwanga ulipita juu ya bolti, juu ya pini, juu ya waya. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kwenye grisi ya waya aliona alama ya kidole gumba, na alama ile ilikuwa yake. Akagundua kwamba hakuwa anatazama. Alikuwa anakumbuka tu jinsi walivyofunga. Akatazama upya kwa nguvu, na tena akaona kile kile alichotaka kukiona.

Akazima tochi.

"Umeona nini?" Kashindye aliuliza.

"Sijaona kitu, mzee. Siwezi kusaini."

"Kama hujaona kasoro, kwa nini?"

"Mkono wangu umo humo."

Mzee alitazama mlango wa banda. Hapakuwa na mtu. "Nani amekuona?"

Odeta akamrudishia tochi. Mzee alikaa juu ya ngazi, akavua kofia. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu Odeta hajazaliwa, na hakuuliza mara ya pili. "Basi tuwaambie Dar walete mwingine," alisema. "Atafika na ndege ya mchana."

Ukumbini, Alexander aliambiwa ndege imechelewa. Kisha akaambiwa imechelewa zaidi. Mwisho dada wa kaunta, kwa kumhurumia, alisema alichokisikia.

"Ndege ni nzima, kaka. Kuna fundi amekataa kusaini."

"Fundi gani?"

"Yule dada. Odeta."

Simu ya Odeta iliita akiwa amesimama nyuma ya banda.

"Odeta, ndege ina nini?"

"Haina kitu, nadhani."

"Kama haina kitu, saini twende."

"Siwezi, Alex. Siwezi kusema haina kitu."

"Umesema sasa hivi."

"Nimesema nadhani."

Sauti ya ukumbi ilisikika nyuma yake, mtoto akilia, tangazo. "Mama yangu anakata roho," Alexander alisema polepole, "na wewe unanifanyia mafumbo."

Angeweza kumwambia kuhusu waya. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alilisikia jinsi litakavyosikika, niliharakisha kwa ajili yako ndiyo maana umekwama, na aliona ni kumtwisha mtu mzigo juu ya mzigo. Akanyamaza. Alexander akakata simu.

Mkaguzi kutoka Dar alifika mchana, akakagua, hakukuta kasoro yoyote, akasaini. Ndege ikaruka ziwa likiwa la dhahabu. Bukoba, Gladness alikuwa amesimama nje ya uwanja na kanga kiunoni, na Alexander akajua kabla dada yake hajafungua mdomo.

Odeta alikwenda msibani kwa basi, na Tereza, rafiki yake wa kazini. Alikaa nyuma na wanawake, akamenya ndizi kutwa nzima, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Hakuna aliyemuuliza jina. Katikati ya migomba kaburi lilikuwa jekundu na bichi. Alexander alipita akisalimia watu, akafika kwake, akampa mkono.

"Asante kwa kuja," alisema, kama anavyoambiwa mtu wa mbali.

Tereza alimtazama Odeta. "Mwambie basi."

"Nimwambie nini? Mama yake amelala pale."

Mvua za vuli zilikuja zikaondoka. Alexander alirudi Nyakato, akafungua duka. Alhamisi jioni zilikuwa mbaya kwa wote wawili, kwa sababu Odeta bado alishika simu kabla ya kukumbuka, na Alexander bado alisubiri kuambiwa na mama yake alichofanya wiki nzima.

Siku moja aliingia mzee mrefu, kofia mkononi, akitaka koti la harusi ya binti yake.

"Wewe ndiye Alexander wa Odeta?"

"Nilikuwa. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi Kashindye. Nipime, nitakuwa nasema."

"Nyoosha mkono, mzee."

Mzee alinyoosha mkono. "Siku ile alikuwa nje na chai yake, kama inavyotakiwa. Waya ukawa mkaidi. Akaingia. Miaka yote sijamwona akiingia. Akaniambia, mzee, kuna mtu anasubiri. Akaushika waya. Basi, jicho likawa limekufa."

Alexander alibaki ameshika utepe.

"Angenyamaza, na mimi ningenyamaza," mzee alisema. "Hilo usilisahau. Nilimwonyesha mlango wa kuponea, nikamuuliza nani amemwona, hakutoka."

Alexander aliupima mkono ule ule mara ya pili, na bado hakujua urefu wake.

Hakumpigia Odeta siku ile. Kwanza alikasirika upya, kwa sababu sasa alijua kwamba kikombe kimoja cha chai, kama kingenywewa hadi mwisho, kingemfikisha kwa mama yake. Alilala na hasira hiyo, akaamka nayo, akashona nayo. Kisha asubuhi moja hasira ilikuwa imechoka kabla yake.

"Uko wapi?" aliuliza kwenye simu.

"Igombe."

Alimkuta amekaa juu ya jiwe, gauni la buluu, kichwa wazi, nywele zimesukwa upya. Ukungu mwepesi ulikuwa umelala juu ya maji, na mitumbwi ilionekana kama imetundikwa hewani. Alexander alikaa, akaacha nafasi kati yao.

"Ungekaa nje na chai yako, ningemkuta."

"Ungemkuta."

"Na ungesaini, ningemkuta."

"Ungemkuta, Alex. Ile ndege ilikuwa nzima."

"Hukuniambia kuhusu waya."

"Ningesemaje? Kwamba nimekuchelewesha kwa sababu nilikuwa nakuharakisha?"

Alexander alikaribia kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Ikitokea tena?"

"Nitakaa nje."

"Na ukishindwa kukaa nje?"

"Sitasaini." Neno lilitoka zima. "Kama hilo huliwezi, niambie leo. Nitalia nikiwa bado nina nguvu."

Ndege ilitokea upande wa ziwa, ikashuka, ikapita juu yao. Walinyamaza wote wawili hadi ikagusa chini.

"Nimejaribu kukuchukia," Alexander alisema. "Nakata, nakuchukia. Nashona, nakuchukia. Simu ikiita, natamani uwe wewe. Nimechoka, Odeta. Ninamkosa mama, na mtu pekee ninayetaka kukaa naye nimlilie ni wewe."

Odeta alisogea, akaijaza ile nafasi. Alexander akaweka kichwa begani kwake na akalia kama hakulia Bukoba, na yeye akamshika bila kumbembeleza.

Baadaye, maji yakiwa yameanza kung'aa, alijifuta uso.

"Baba ameniuliza yule binti aliyemenya ndizi kutwa nzima bila kusema jina ni wa nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ni wangu. Sasa wazee wanataka uje, ujitambulishe vizuri. Na mimi nipate kuja kwenu, nipigwe maswali." Akamtazama. "Utakuja, mpenzi?"

"Nitakuja."

"Kwa basi, au kwa ndege yenu?"

Odeta aligeuza macho kwenye maji.

"Kwa ndege," alisema. "Ila siku hiyo wamtafute mwingine wa kuikagua. Mimi nitakuwa na haraka."