Nishikie Jani

Nilichoona kwanza kilikuwa kidogo sana. Majani ya chini ya nyanya zetu yalikuwa na vidoti vya manjano, kama mtu ameyanyunyizia unga kwa ncha za vidole. Nikadhani ni vumbi. Siku chache baadaye vidoti vikawa mabaka, na majani yakaanza kujikunja.

Nyumbani tuko wawili, mimi na kaka. Niliacha shule nikiwa darasa la tano ili nimuuguze mama. Mama alipofariki, sikurudi tena. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hutoka alfajiri, hurudi jioni, hula, hulala. Mimi hubaki na nyumba, na bustani ya nyanya nyuma ya jiko. Kaka huniita Bi Kimya.

Jioni moja alizitazama nyanya akatikisa kichwa. "Za msimu uliopita zilikufa, na hizi zinaelekea hukohuko. Zikifa, Bi Kimya, hapa namwaga zege, najenga karakana yangu."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka kufanya kazi kwenye kibanda cha watu. Lakini mimi usingizi ulinipaa.

Kwenye ukuta wa duka la mbegu imeandikwa namba ya bibi shamba, mtaalamu anayesaidia wakulima kwa simu. Niliipiga picha bustani yote, jua likiwa la utosi, nikamtumia. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, kivuli chako nimekiona vizuri, hata kilemba. Nyanya sijaziona. Nisogezee."

Nikachuma jani moja. Nikaliosha pande zote mbili, nikalilaza juu ya shuka la maua. Niliona aibu kumtumia mtaalamu jani chafu. Hata mtoto huogeshwa kabla ya kupelekwa kliniki. Nikaisogeza simu mpaka ikakaribia kuligusa. Picha ikatoka ukungu mtupu.

Safari hii alipiga. Niliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Mbele ya mtu nisiyemjua, ulimi wangu hukauka. Akatuma sauti nyingine, akicheka kidogo. Alisema jani likioshwa, kilicholiumiza huondoka na maji. Nisilichume wala nisilifute. Cha kufuta ni kioo cha kamera, kwa kitambaa laini. Nipige picha asubuhi, jua likiwa bado pole. Kwanza mmea mzima, ili aone ugonjwa umeanzia wapi. Kisha jani moja, pale sehemu mbovu inapopakana na nzima. Halafu chini ya jani, kwa sababu wadudu wengi hujificha huko. Na picha ikitoka na ukungu, nirudi nyuma kidogo.

"Mwombe mtu akushikie jani," alimalizia. "Ukilishika mwenyewe, simu itatikisika."

Nikaandika: Sina mtu. Nikafuta. Nikaisikiliza sauti yake tena na tena, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

Asubuhi nilimkuta kaka mlangoni, anafunga kamba za viatu.

"Kaka, nishikie jani."

"Nikushikie nini?"

"Jani. Kidogo tu."

Alinitazama kama niliyeota pembe, lakini akaja. Vidole vyake, vilivyozoea vyuma, vililigeuza jani taratibu. Nikabana viwiko mbavuni. Nikagusa picha ya jani kwenye kioo cha simu, nikangoja itulie, nikabana pumzi, nikabonyeza.

"Subiri," kaka akasema, ameinama. "Hili vumbi linatembea."

Nilituma picha zote tatu. Nikaandika pia vidoti vilianza lini, na kwamba kaka alikuwa amepulizia dawa ya wadudu. Jibu lilikuja kabla jua halijawa kali. Ni utitiri, alisema, vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, vinavyofyonza maji ya jani na kufuma utando mwembamba. Hupenda ukavu na vumbi. Dawa ya kaka haikuviua. Iliua wadudu wanaovila.

Tukaondoa majani yaliyoharibika sana, tukayafunga ndani ya mfuko. Kila asubuhi nikawa narusha maji kwa nguvu chini ya majani yaliyobaki. Bibi shamba alitaka picha za miche ileile kila wiki, na kila wiki kaka alishika jani. Majani mapya yalitoka safi. Kisha maua, kisha nyanya.

Siku nyanya zilipoanza kuiva, kaka alirudi na futi ya kupimia. Nikasimama mbele ya miche. Akapitiliza, akaenda kupima uwanja wa mbele. Karakana itakaa huko, alisema, karibu na barabara. Halafu akaja kusimama nami bustanini.

"Sokoni nyanya zimejaa," alisema. "Hizi ulizihangaikia hivi kwa nini?"

Nilitaka kuinua mabega tu.

"Huwa naongea nazo, kaka," nikasema. "Ukishatoka, hakuna mwingine."