Kamera Chini ya Buti

Risasi ilitoboa bomba juu ya kichwa chake. Maji yakamlowesha mgongo.

Nyigu hakugeuka. Alikimbia kati ya mapipa, kamera imemkaa kiganjani kama kipande cha sabuni.

Redio ilikwaruza sikioni.

"Nyigu, umepata picha?"

"Ninazo, Mkuu. Wageni wawili, mhandisi wa maji, na mapipa ya sumu. Wanataka kuimwaga kwenye bomba kuu. Leteni kikosi!"

"Tuma picha kwanza. Mhandisi ni mtu mzito."

"Mji mzima utakunywa sumu! Mama yangu anachota bomba hilohilo!"

"Picha, binti."

Ndivyo walivyo wakubwa wetu. Mwaka wa kipindupindu nao walitaka ushahidi kwanza. Sisi wa mjini tukazika watu huku wakiusubiri. Hatujasahau. Walewale ndio waliowanunulia maofisa kamera za plastiki, kifuniko cha betri kinang'oka ukikohoa. Nyigu aliwarudishia yao, akajinunulia hii: ganda la alumini, skrubu zimezama, pembe laini zisizonasa mfukoni, lenzi inajirudisha ndani kama kichwa cha kobe. Tena ina kumbukumbu yake tumboni. Alipiga picha zote humo, kisha akachomeka kadi tupu, adui apate cha kuvunja.

Mkono mnene ukamdaka ukosi.

"Dada, mbona mbio?" Bonge, mlinzi wa mhandisi, alimpokonya kamera.

Mhandisi akafika akihema. Akachomoa kadi, akaivunja vipande viwili.

"Picha zimekwisha, mwanangu."

Alizoea kamera za ofisini. Zile ukitoa kadi umezitoa roho.

Bonge akaitupa chini, akaikanyaga kwa buti. Kioo kikapasuka. Lenzi ikapinda.

Ganda likabonyea tu.

Nyigu akampiga Bonge goti, akaiokota, akajitosa kwenye chumba cha koki. Akakomea kwa ndani.

Koki ya bomba kuu ilikuwa mle. Bila kuifungua, sumu haiendi popote.

Shoka likaanza kuula mlango.

Akaufuta mchanga kwenye tundu la waya. Akaiunganisha kamera na simu.

Haikuwaka.

"Amka, mama. Amka, nakusihi."

Taa ya kijani ikapepesa.

Picha zikaanza kuhama, moja moja, kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kipande cha mlango kikamrukia shavuni.

"Mkuu, zimefika?"

Redio ilikwaruza, kwa sauti ndogo: "Nyigu... huyu mhandisi ni shemeji yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimezituma na magazetini."

Shoka likapenya. Mkono ukaingia kutafuta komeo. Nyigu akaung'ata mpaka mfupa.

Ving'ora vikalia getini.

Kikosi kilipowatoa wageni na mhandisi wakiwa na pingu, Mkuu hakumtazama shemeji yake. Alimfuata Nyigu, uso umemkauka.

"Nani alikuruhusu kwenda magazetini?"

"Wanywa maji, Mkuu."

Nyigu akafunga zipu ya koti, akampita, akashika njia ya mjini kwa miguu.