Aliyebisha Hodi Kwenye Kipaza Sauti

Uvundo ulianzia kwenye kipaza sauti. Mtangazaji wa hali ya bahari alikisogelea asubuhi, awasomee manahodha na waogaji upepo na mawimbi, sifongo inayokifunika ikamgusa mdomo. Ilikuwa na utelezi kama kamasi. Akasoma hivyo hivyo, maana mumewe, nahodha wa boti ya abiria, hakuwa aking'oa nanga kabla ya kusikia sauti ya mkewe.

Jana yake, masikio yamezibwa na vifaa vya kusikilizia na mkate umejaa mdomoni, alisikia "hodi" humo humo masikioni. Akajibu "karibu", kama mtu yeyote aliyelelewa. Mlango haukufunguka.

Alipojimiminia chai, ikatoka na magamba ya samaki. Ukuta ulitoka jasho zito lenye harufu ya pweza aliyesahauliwa juani, na alipoinama kutema alitema unywele ambao haukuwa wake, akauvuta, ukazidi kuja, akauvuta tena huku machozi yakimtoka, mpaka ncha ikachomoka na kinyama cheupe kilichokuwa kinapumua. Alijionea kinyaa mwili mzima.

Akamwita shangazi yake, mganga wa kutoa majini watu waliopagawa, mwenye mdomo usio na breki. Shangazi aliingia akiziba pua, akasikiliza kisa chote.

"Uliuliza ni nani?"

"Sikuuliza, shangazi."

"Hodi moja tu, nawe ushakaribisha. Hata mlango una komeo, mwanangu." Akateremsha sauti. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho tutamtuma kazi isiyoisha. Akishindwa, atajiondokea kwa aibu."

Kesho yake ghuba ilikuwa imelala kimya, lakini vipimo vilisema dhoruba ipo nyuma ya rasi na inakuja. Leo boti isitoke hata moja. Mtangazaji alinyoosha mkono awashe mitambo, na kabla hajaigusa, vipaza sauti vyote vya ufukweni vikaongea.

"Bahari ni shwari. Karibuni."

Ilikuwa sauti yake. Midomo yake ilikuwa imefumba, lakini chini ya ulimi wake kulikuwa na ulimi mwingine, wa baridi, unaojipinda na kuyaunda maneno yale moja moja, na alipong'oa nyaya zote ukutani sauti iliendelea kuwakaribisha watu majini kwa adabu ileile.

"Nenda kahesabu mchanga," shangazi, aliyesimama kando yake, alimnong'oneza mgeni. "Nenda, usirudi mpaka umalize."

"Ahsante, shangazi," vipaza vikajibu. "Kazi nimeshapata."

Simu ikaita mezani. Mtangazaji aliidaka.

"Nimekusikia, mke wangu," mumewe alisema, injini ikinguruma nyuma yake. "Abiria wamejaa. Tunatoka."

Alifungua kinywa amwambie asitoke. Maji machungu yakamjaa hadi puani, na ule ulimi wa baridi ukamtangulia.

"Safari njema, mume wangu."