Aliyefungua Ndiva

Mwisho wa mwezi, mwaka 1972, posta ya Same ilijaa kama kanisa Sikukuu ya Mavuno. Wafanyakazi wa mashamba ya katani walisukumana dirishani, kila mtu na barua ya kwao, Kigoma, Njombe, Songea. Ndani, kwenye swichibodi ya simu, alikaa Rogathe, binti wa mzee Tumainieli wa Vudee. Siku hiyo alivaa gauni la maua ya njano, na mguuni viatu vya raizoni vilivyompandisha kama yuko juu ya ngazi.

Kijana mmoja akafika dirishani. Suruali yake ya bugaluu, pana chini, ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakata.

"Dada, nipatie Tanga."

"Tanga ni mji, kaka. Nikupe wote?"

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka.

"Nipe duka la vipuri tu. Huo mji uliobaki niwekee, nitaurudia ukitoka kazini."

"Subiri zamu. Hata trekta husubiri."

"Nani kakwambia mimi ni mtu wa trekta?"

"Kucha zako zimekutangulia."

Novatus, fundi wa matrekta, Muha wa Kasulu, akatazama kucha zake zenye grisi, akazificha mfukoni. Tangu siku hiyo kila saa sita mchana simu ya ofisi ya shamba iliita Same.

"Same hapo?"

"Same hapa. Unamtaka nani?"

"Huyo anayeongea."

"Anayeongea yuko kazini."

"Basi niunganishe na yule wa baada ya kazi, mpenzi wangu, huyu wa kazini mkali."

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja ya Septemba Rogathe akasema, "Vumbi la huku limenichosha. Njoo Jumamosi nikutembeze kwetu milimani, uone maji."

Hapo mzazi yeyote hushika kifua. Kijana na binti, mlimani, wawili peke yao! Mimi pia ningeshika. Lakini kijana huyu hakupitia nyuma ya nyumba. Alishuka kwenye lori la ushirika, akapiga hodi mlangoni kwa wazazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watu wa Kasulu mnakula makande?"

"Tukiyakuta tunayamaliza, mzee."

Mzee Tumainieli akacheka, akawaruhusu watembee, ila jua likiwa bado juu wawe wamerudi.

Na matembezi ya kwetu, jamani, usiyadharau. Walipanda kwa njia ya migomba, umande ukalowesha bugaluu mpaka magotini. Raizoni zilimshinda Rogathe kwenye mawe, akazivua, na Novatus akazifunga mikanda, akazivaa shingoni kama mkufu. Wakanywa maji ya maporomoko kwa viganja, baridi yake inauma meno. Wakakaa juu ya jabali, wakatazama tambarare yote chini, mashamba ya katani yamepigwa mistari kama daftari la shule.

"Kumbe ninapotokwa jasho ni padogo hivi," akasema Novatus. "Ningekaa huku nisingezeeka."

"Ungezeeka, ila miguu ingekuwa mizuri."

Wakashuka hadi kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo la kijiji kizima. Maji ya chemchemi hukusanywa humo, na chini ya ukingo kuna tundu lenye kizibo cha mti kilichoungwa kwenye mti mrefu. Kikitolewa, maji hushika mfereji kwenda kwenye shamba la mwenye zamu. Kwa ukame ule, ndiva ilichukua siku mbili kujaa. Alasiri ile zamu ilikuwa ya bibi Raheli, mjane, ambaye maharage yake yalikwishaanza kujikunja majani.

"Anayekitoa kizibo ni nani?" akauliza Novatus.

"Mzee Elirehema, mlinzi wa ndiva. Peke yake."

"Kumbe wewe mwenyeji wa kusimulia tu, mama wa posta."

"Mimi? Nimezaliwa juu ya maji haya. Tazama."

Alitaka kukilegeza kidogo tu, amwonyeshe maji yanavyotoka. Kizibo kikachomoka, mti ukamponyoka. Maji yakanguruma, yakakivunja kizibo. Mfereji wa bibi Raheli ulikuwa bado haujafunguliwa, basi maji yote yakafurika, yakaelekea korongoni. Novatus akaruka ndani na bugaluu lake, akavua shati, akalisokomeza tunduni. Maji yakalitema. Walipokuja watu, wameitwa na pembe ya mzee Elirehema, ndiva ilikuwa imebaki tope.

"Nani kafungua?" mzee Elirehema akauliza.

Rogathe akafungua mdomo. Akamwona baba yake anakuja mbio, jembe begani. Mdomo ukafungika.

"Mimi, mzee," akasema Novatus. "Ni ugeni wangu. Nisameheni."

Mzee Tumainieli akamtazama mpaka miguuni. "Asubuhi umekula makande yangu, mchana umemwaga maji ya mjane. Lori hilo linashuka, panda. Nawe Rogathe, huyu mtu nisimsikie tena."

Mzee Elirehema akaongeza la desturi. "Aliyefungua huziba. Jumamosi ijayo ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ulete kizibo kipya, utoe tope na wenzako."

"Nitakuja."

"Hatakuja," mzee Tumainieli akanong'ona. "Watu wa katani leo wapo, kesho wamehama."

Jumatatu saa sita simu ikaita.

"Novatus, usikasirike mpenzi..."

"Sikukasirika pale ndivani. Nilijua umeogopa. Nilidhani utamwambia baba jioni, mkiwa mezani. Ulimwambia?"

Rogathe akazungusha waya wa simu kidoleni.

"Angeniachisha kazi," Rogathe akasema. "Angenirudisha nyumbani."

"Haya." Halafu sauti ikabadilika, ikawa ya mteja. "Dada, nipatie Tanga."

Akampatia. Wiki nzima ilikuwa dada, nipatie Tanga, asante dada. Rogathe alivaa lile gauni la maua ya njano, na hakuna aliyemtania.

Binti zangu, mmeonywa sana juu ya vijana wa mjini, na onyo hilo ni la kweli. Lakini mimi nawaonya na nyinyi wenyewe. Kijana mwema si punda wa kubeba kosa lako. Ukinyamaza mara moja, umeogopa. Ukinyamaza wiki nzima, umemuuza.

Jumamosi pembe ikalia Vudee. Watu wakatoka na majembe, wanawake na vikapu vya udongo na nyasi, nyimbo zikaanza. Mzee Tumainieli akatazama barabarani. "Mnaona? Lori halipo, na mtu hayupo."

"Nani hayupo?" akauliza bibi Raheli, akitokea bondeni. "Yule Muha? Kapanda kwa miguu kutoka chini. Tangu alfajiri yuko shambani kwangu na debe, anachota maji korongoni, anamwagia shina kwa shina. Nimemfukuza aje huku."

Nyuma yake akaja Novatus, matope mpaka mapajani, kizibo kipya cha mninga begani. Aliamkia wazee wote, akaingia ndivani, akaanza kuchota tope. Kwa Rogathe hakutazama.

Rogathe akaweka kikapu chini. Akapanda juu ya ukingo.

"Baba, wazee wangu, shikamooni. Kizibo nilikitoa mimi. Yeye aliruka majini kuziba tundu. Bibi Raheli, maji yako niliyamwaga mimi, nikanyamaza."

Nyimbo zikakatika. Mzee Tumainieli akaegemea jembe lake.

"Posta wanakufundisha kusema na Tanga na Moshi," akasema, "na baba yako aliyekuwa hatua tatu hukumpata."

"Nisamehe baba."

"Muombe msamaha aliyelowa." Kisha akamgeukia mzee Elirehema. "Desturi inasemaje?"

"Kila Jumamosi atatoa tope hapa, mpaka mvua zinyeshe."

"Basi Jumatatu hadi Ijumaa posta, Jumamosi tope," mzee Tumainieli akasema. "Shuka."

Rogathe akashuka ndivani na gauni lake. Alipofika karibu na Novatus alisema, "Nisamehe." Novatus akampa ncha ya ule mti mrefu, wakakielekeza kizibo kwenye tundu. Hapo ndipo alipotabasamu.

"Dada, nipatie Vudee."

Machozi yakamtoka na kicheko. "Vudee ni kijiji, kaka. Nikupe chote?"

"Nipe nyumba ya mzee Tumainieli tu. Mwambie kuna Muha anataka kuleta washenga."

Ndiva nzima majembe yakabaki juu. Mzee Tumainieli akakohoa.

"Nasikia," akasema. "Ziba kwanza, maji yanapita."