Mara Tatu na Kitu

Koroboi na vikombe vya mzee Ambindwile, fundi bati wa Nkunga, vilijulikana mpaka sokoni Tukuyu. Lakini biashara ya nje ilipofunguliwa, maduka ya mjini yakajaa vikombe na ndoo za plastiki. Nani tena anunue kikombe cha bati? Mzee akabaki na nyundo yake, hana kazi. Mpaka siku shule ya chekechea ya kanisa ilipomwagiza pipa la kukingia maji ya mvua, ikamletea na mabati mawili.

Lilian, mke wa mwanawe, alifurahi kimoyomoyo. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana haonani na baba mkwe, wala hasemezani naye. Mzee akipita uani, Lilian alijificha nyuma ya migomba. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mama mkwe, Sekela.

Jumanne asubuhi alimsikia mzee akifoka karakanani.

"Nimekata mara tatu ya upana wa kitako, kama siku zote! Kitako sentimita sabini, ukuta mia mbili na kumi, na vidole viwili vya kuungia. Mbona haufiki? Tazama pengo hili, vidole vitatu vizima!"

"Labda bati limenywea," alisema Sekela.

"Linywee, kwani ni nguo? Nakata la pili vilevile. Safari hii nitalivuta mpaka lifike!"

Lilian aliacha kufagia. Bati la pili likiharibika, hakuna jingine, na mzee hatapewa kazi tena. Yeye alimaliza kidato cha nne, kosa alilijua. Lakini atasemaje? Akamvuta Sekela jikoni.

"Mama, mwambie baba asikate! Mzingo wa duara si mara tatu ya upana wake. Ni mara tatu na kitu."

"Kitu gani?"

Lilian alichukua kamba ya mgomba, akaizungusha kwenye sahani, akaikata. Kisha akaipima juu ya sahani, toka ukingo huu hadi ule. Mara moja, mbili, tatu. Kikabaki kipande kifupi.

"Kipande hiki ni kama sehemu ya saba ya upana wa sahani," alisema.

Wakapima sufuria. Mara tatu, na sehemu ya saba. Wakapima gurudumu la baiskeli. Ikawa vilevile.

"Jamani!" Sekela alishika kifua. "Sahani na gurudumu, jibu moja?"

"Duara lolote, mama, hata la mwezi. Namba hiyo inaitwa pai." Lilian alichora sakafuni kwa mkaa: π. "Ni herufi ya Kigiriki. Neno lao la mzingo linaanza nayo. Zidisha upana kwa ishirini na mbili, gawa kwa saba. Sabini inatoa mia mbili na ishirini. Baba amepungukiwa sentimita kumi."

"Mbona koroboi zilikubali?"

"Koroboi ni nyembamba. Kipande chake kidogo kinamezwa na vile vidole vya kuungia. Pipa ni pana, na kipande kinakua."

Sekela alikimbia na kamba. Lilian akajibanza nyuma ya ukuta wa mianzi wa karakana.

"Mkamwana ndiye anifundishe bati?" mzee aliguna.

Lakini aliichukua kamba. Alikuwa anapima. Akapima kitako cha pipa, akapima gurudumu, akarudia tena. Hatimaye mkasi ukalia. Ukuta ukazunguka kitako, na kingo zikapandana vidole viwili barabara!

Ijumaa pipa lilijaa mvua. Halikuvuja hata tone. Mzee alisimama akilitazama.

"Sekela, muulize mwenzio. Hiyo sehemu ya saba ni kamili?"

Sekela alikwenda, akarudi. "Anasema inakaribia tu. Kwa fundi inatosha."

"Sasa namba yenyewe inaishia wapi?"

Nyuma ya mianzi, Lilian alijisahau kabisa. "Haiishi, baba! Tarakimu zake zinakwenda tu, hazirudii mpangilio. Hakuna aliyefika mwisho wake!"

Akaziba mdomo. Mungu wangu, amefanya nini? Sekela akashika kichwa.

Mzee hakugeuka. Alivua kofia, macho yake kwenye mdomo wa pipa.

"Miaka thelathini nakata miduara," alisema taratibu, "kumbe nashika kitu kisicho na mwisho." Akapapasa ukingo wa pipa. "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."