Binti Mwingine Nyuma ya Pazia

"Jamani, huyu mzee ni wa nani?"

Aliyeuliza ni mama mmoja mwenye kofia pana, sufuria mkononi, amesimama mbele ya hema lake la bluu. Mzee aliyeulizwa habari zake alikuwa ndani ya hema hilo, ameketi kwenye kiti cha watu kana kwamba amealikwa, suruali imelowa mpaka magotini. Kambi ya mjini ilikuwa imefurika. Mahema yamebanana kiasi kwamba mtu akikoroma anamwamsha jirani, magari-nyumba yamejipanga kando ya ukuta, nyaya za umeme zinatambaa kwenye nyasi kama mizizi. Watu waligeuka kutazama. Wengine walikohoa. Mmoja alimwondoa mtoto wake. Hakuna aliyejibu.

Na mwenye jibu alikuwa pale pale bombani, anajaza ndoo. Nyumbani walimwita Wakili, kwa sababu tangu akiwa na meno ya utoto hakuna aliyemweza kwa maneno, na sasa chuoni alikuwa msemaji wa klabu ya mdahalo anayeogopwa hata na walimu. Mzee yule alikuwa baba yake mzazi, aliyekuwa ametoka kwenye gari lao akiburuta mguu bila mtu kumwona. Lakini upande wa pili wa bomba, mswaki mdomoni, alisimama Mwenyekiti wa klabu hiyo, aliyekuja kupiga kambi na rafiki zake, na dakika hiyo hiyo alikuwa akimsifu Wakili kwa hotuba yake ya mwisho. Wakili alisikia swali. Akaliangalia bomba. Akalifunga, akalifungua tena, na ndoo imeshajaa, maji yanammwagikia miguuni.

"Maskini," Mwenyekiti akasema, akitazama kule hemani. "Yaani watu wanawatelekeza wazee wao namna hii?"

"Inasikitisha," Wakili akajibu.

Mtu mwenye maneno yote yale, akachagua hilo.

Aliaga kwa haraka, akazunguka nyuma ya vyoo ili asionekane anakoelekea. Alijiambia atamtuma kaka yake akamchukue Baba. Alijiambia mengi njiani. Lakini alipofika kwenye gari lao alimkuta Baba ameshafika. Ameketi kwenye ngazi ya mlangoni, suruali nyingine, kavu, nywele zimechanwa, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

Gari lile lilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Baba alikuwa fundi wa mabodi ya magari, na kwa miaka mingi, kila jioni akitoka karakana, aliligeuza gari kuukuu la kusambazia mikate likawa nyumba: vitanda vya kukunja, sinki dogo kama sahani, na pazia zito la kutenga kitanda cha nyuma, ambalo Mama alilishona. Alipokuwa anapiga rangi ya mwisho, kiharusi kikamchukua upande wa kulia na ulimi. Hii ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Mtu wa kufunga vifungo hakuwa Baba. Kwa mkono ule mmoja, hata kijiko kilimshinda.

Mama akatokea bafuni, taulo begani, akamwona mumewe, akasimama.

"Ahsante, mwanangu," akamwambia Wakili, na sauti yake ikalegea. "Leo umemvalisha vizuri kuliko hata mimi. Mungu akubariki."

Wakili alifungua mdomo kusema si yeye. Ndipo ikamjia harufu: harufu ya mawe yaliyolowa, ya mvua ya kwanza kwenye udongo mkavu, ilhali mbingu juu yao ilikuwa nyeupe bila wingu.

"Kawaida tu, Mama," akasema.

Mama alipoingia ndani, alimwinamia baba yake. "Baba, nani amekuvalisha?"

Baba akainua mkono mzima, akaelekeza kule ndani, kwenye pazia lililokuwa limefungwa. "Bi... nti," akasema. Halafu akacheka, kicheko ambacho hawakukisikia tangu augue.

Wakili hakulifungua pazia lile. Alitaka kitu kimoja tu, kuondoka kabla Mwenyekiti hajapita karibu, na akaomba wahamie kambi ya mlimani.

"Tulikubaliana mjini," Kaka yake akalalamika walipokaa kula. Ndiye aliyekuwa dereva. "Umeme upo, maji yapo, hospitali ng'ambo ya barabara. Huko mlimani kuna nini? Baridi na nyani."

"Kuna hewa. Kuna utulivu. Hapa muziki, honi, jirani anakuchungulia mpaka kwenye sahani. Hii ni kambi au stendi?" Wakili akajibu.

"Na baba yako akizidiwa?" Mama akauliza.

"Kelele ndizo zitakazomzidi. Daktari alisema apumzike. Alisema, au hakusema?"

"Alisema."

"Basi, Mama. Mimi nina la zaidi?"

Kaka akacheka kwa kushindwa. "Wewe siku ukifa, malaika wakija kukuhoji, utawahoji wewe."

Hapo wakaanza kukunja viti. Na hoja zake zote zilikuwa za kweli. Ndipo ulipokuwa uchafu wenyewe. Hakutamka uongo hata mmoja. Alichukua mapumziko ya baba yake akayafanya shuka la kufunikia aibu yake, na wote wakamwambia ana akili.

Barabara ya mlimani ilikuwa ya kona tupu. Wakili alikaa mbele na Kaka; Mama alisinzia kwenye benchi; Baba alilazwa nyuma ya pazia. Walipoanza kupanda, Kaka akapunguza mwendo, akainamisha kichwa.

"Mama anamsimulia nini Baba?"

Wakili akageuka. Mama alikuwa amelala, mdomo wazi.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mazungumzo. Sauti moja ilikuwa ya Baba, inajikwaa, inarudia, na kila ilipokwama, sauti ya pili ilimsubiri bila haraka, kisha ikasema, "Ehe, Baba, halafu?" Sauti ya pili ilikuwa ya Wakili. Ilikuwa yake kabisa, mpaka kile kikwaruzo kidogo cha kooni, ila ilikuwa na subira ambayo yeye hakuwahi kumpa baba yake tangu augue.

"Ni redio," akamwambia Kaka.

"Redio imekufa tangu mwaka jana."

"Basi ni simu. Endesha, kaka yangu. Endesha tu."

Kambi ya mlimani ilikuwa uwanja wa kokoto katikati ya misonobari, na walipofika hapakuwa na gari jingine wala hema. Adhuhuri ile ile ukungu ukashuka. Hawakuwa wamewahi kuona mchana wa namna hiyo: mwanga upo, jua lipo mahali fulani, lakini ukinyoosha mkono vidole vinafifia. Ile harufu ya mawe yaliyolowa ilikuwa kila mahali, na huku juu usingeweza kujua ipi ni ya mlima na ipi si yake.

Wakili alitumwa maji. Chemchemi ilikuwa bondeni, na alikawia, kwa sababu kusema kweli alipenda kukawia. Aliporudi akamkuta Mama nje, kwenye kigoda, anamenya viazi na kuzungumza kwa furaha na dirisha la gari.

"...na hata ulipokuwa mdogo ulikuwa hivyo hivyo, unampenda baba yako kuliko mimi," Mama alikuwa akisema. Kisha akainua macho, akamwona Wakili na ndoo yake, na kisu kikasimama juu ya kiazi. "Umetokea wapi?"

"Chemchemini."

"Chemchemini vipi? Si uko ndani? Si nazungumza na wewe hapa tangu nilipokaa, na umeniambia Baba amemaliza uji, na umeniomba taulo nikakupa kwa mkono huu?"

Wakili akaweka ndoo chini, na hakujua kwamba ameiweka, akasogea dirishani akishika bati baridi la gari ambalo baba yake alilipiga msasa kwa miezi, akisogea kwa kunyata kama mwizi kwenye nyumba yao wenyewe, na kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani hivyo aliona kwanza mwanga, kisha umbo, kisha mgongo wa msichana aliyevaa sweta lake, lile la kijani lenye kiraka kiwikoni ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelivaa wakati ule ule, amepiga magoti mbele ya Baba, miguu ya mzee ndani ya beseni, akiiosha taratibu kidole kwa kidole, na Baba amemwekea mkono kichwani kama mtu anayebariki, na yule msichana, bila kugeuka, bila kuacha kuosha, akasema kwa sauti ya kutosha kupenya kioo, "Funga mlango ukiingia, baridi inamwumiza."

Aliingia. Mdahalo ulikuwa silaha yake pekee.

"Toka," akasema. Ilitoka kama mnong'ono. "Huna haki hapa. Mimi ndiye binti yake."

"Aliulizwa ni wa nani," yule akajibu, mgongo ule ule. "Nilikuwa napita, nikasikia. Nikangoja. Wallahi nilingoja, Wakili, maana sisi hatugusi cha watu. Hapakuwa na mwenyewe."

"Sikumkataa! Nilinyamaza tu."

"Haya. Nieleze tofauti."

Na yeye aliyeweza kutofautisha chochote na chochote, aliyewahi kushinda kombe akitetea upande asiouamini, alisimama katikati ya gari, asipate hata neno la kuanzia.

Nje alimkuta Mama anazungumza kwenye simu, ameinua mkono juu kutafuta mtandao. Alikuwa amempigia Mjomba, kaka yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasomea watu walioingiliwa na majini. Mama akaweka sauti ya wazi, wote wasikie. Kaka naye alikuwa amesogea, kuni mikononi.

"Tushuke mjini, Mjomba?" Kaka akauliza. "Kule kuna watu, kuna taa."

"Mjini, mlimani, kwake yote sawa," Mjomba akasema, sauti inakatika katika. "Mngekaa kule angekaa kule. Huyo hakufuata mahali. Na hakuingia kwa nguvu, ndiyo maana mimi siwezi kumtoa kwa nguvu. Kuna nafasi imeachwa wazi, akaikalia. Aliyeiacha ajitaje, akaichukue. Na msicheleweshe. Kila anapomhudumia, mzee anamzoea. Akishamzoea kabisa, jini huyo ataondoka zake, lakini hataondoka peke yake. Mmenielewa?"

Simu ikakatika. Mama na Kaka wakatazamana. Wakili angeweza kunyamaza tena. Lilikuwa jambo rahisi sana, na alishalizoea.

"Ni mimi," akasema.

Akawaeleza. Hema la bluu, suruali iliyolowa, swali, bomba, Mwenyekiti. "Inasikitisha," akawatajia na hilo, maana aliona akilificha atakuwa hajasema kitu. Akawaeleza kwa nini walikuwa juu ya mlima huu badala ya kule walikokubaliana. Alizungumza akitazama maganda ya viazi, uso unawaka moto kwenye baridi ile.

Kaka akatupa kuni chini. "Baba alikufundisha kupiga pasi ukiwa darasa la pili kwa sababu ulitaka kwenda shule na sketi iliyonyooka. Na wewe..."

Mama hakufoka. Ingekuwa afadhali afoke.

"Nilikushukuru," akasema. "Nilisimama pale nikakushukuru, na ukapokea."

Kaka hakuwa mtu wa kukaa. Akapanda, akawasha gari, maana aliona lolote ni bora kuliko ukungu ule. Injini ilipounguruma tu, kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti iliyowagandisha wote watatu, kwa sababu ilikuwa sauti ya Baba ya zamani, ile ya karakana, nzima, iliyonyooka, bila kujikwaa hata silabi.

"Msimwache binti yangu!"

Wakili aliyekuwa amesimama nje alianza kusema, "Nipo, Baba." Kisha akaelewa kwamba si yeye aliyetajwa, ni yule wa nyuma ya pazia, ambaye Baba alidhani wanataka kumwacha pale mlimani.

Kaka akazima gari. Akashuka, akakaa kwenye kokoto, akafunika uso. Mama akachota maji ya moto kwenye sufuria, akayachanganya na ya baridi kwenye beseni, akayajaribu kwa kiwiko. Akampa Wakili beseni na taulo bila kumtazama.

"Shingo kwanza," akasema. "Hapendi kuanzwa miguuni."

Hata hilo hakulijua. Mwaka mzima baba yake alikuwa mgonjwa, na hata hilo hakulijua.

Ndani giza la ukungu lilikuwa limeingia pamoja naye. Baba alikuwa amejilowesha tena. Harufu ya mkojo na harufu ya mawe zilichanganyika. Hatua kutoka mlangoni hadi kitandani, ambazo mtoto angezimaliza kwa pumzi moja, zilimchosha kama kilima. Akalisogeza pazia kwa bega.

Yule aliketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa Baba ulio mbovu. Safari hii aligeuka. Uso ulikuwa wa Wakili, kila kitu mahali pake, na haukuwa na ukali wowote. Kilichomtisha ni kwamba haukuwa na aibu hata kidogo. Baba alikuwa akimtazama yule, si yeye, kwa macho ya mtu aliyeridhika.

Kabla ya kuingia Wakili alikuwa ametunga hoja. Zilikuwa nzuri. Alizihisi zikimpanda kifuani moja baada ya nyingine, na akaziacha zipite, mpaka akabaki na beseni tu.

"Sijui kumwosha," akasema. "Nitakosea, na yeye atakasirika. Lakini nimekuja. Naomba unipishe nikae."