Futi ya Bi Mwanakheri

Mimi sisimulii habari za kusikia. Biubwa ni dada yangu, tumbo moja, na nyumba ninayoieleza ipo Kisarawe, si mbali na boma. Anayetaka kubisha abishe nikishamaliza.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Vita ya Hitla imekwisha, vitambaa vimeanza kupatikana tena madukani, nami nimetoka kwetu Kibuta kwenda kumsaidia dada kuitengeneza nyumba ipate kuuzwa. Mumewe, shemeji Mwinyijuma, alikuwa ameshapata shamba upande wa Mlandizi. Mnunuzi naye yupo tayari, mfanyabiashara mmoja akiitwa Kitwana, na katika nyumba nzima alichokitamani ni chumba cha kushonea. Alitaka akifanye duka.

Chumba hicho kilikuwa cha mama mkwe wa dada, Bi Mwanakheri, fundi cherehani aliyewashonea wake wote wa makarani wa boma. Kikubwa, wallahi! Ungeweza kuchezea ngoma humo ndani na bado watu wakapita. Bi Mwanakheri alifariki masika yaliyotangulia, na kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine cha kuwatosha watu, akaoshwa na kukafiniwa humo humo.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu sisi maiti hupimwa kwa kijiti. Wachimbaji huenda nacho makaburini wapate urefu wa kaburi, na kazi ikiisha kijiti huvunjwa kikafukiwa pamoja na mwenyewe. Hakirudi nyumbani hata siku moja. Siku ile mvua ilikuwa inamwagika, kila mtu ana haraka, na Mfaume, mdogo wake marehemu, akaona shida yote ya nini kwenda kutafuta kijiti nje. Akachukua futi iliyoning'inia ukutani, ule utepe ambao mafundi huvaa shingoni. Akampima dada yake kwa huo, toka utosini mpaka nyayoni, akafunga fundo pale urefu ulipoishia. Baada ya maziko akairudisha futi msumarini, eti ni nzuri, ya dukani, ya nini kuitupa. Ujinga wa wanaume huo, Mungu anisamehe.

Wala hakumwambia mtu.

Basi sisi tukatoa matambara, tukafagia vumbi, tukapaka kuta chokaa ya kwanza na ya pili. Dada akasema siku Kitwana atakapokuja kukabidhiwa nyumba, Zena naye apendeze. Zena ndiye mtoto pekee aliyembakia. Wawili kabla yake alishawazika, na huyu alimlea kwa roho mkononi. Alikuwa na miaka saba, mapengo mawili mbele, maneno mengi mpaka unachoka. Dada akaitungua ile futi akampima gauni.

"Mama, fundo hili la nini?"

"Bibi yako ndiye aliyejua," dada akasema. Akajaribu kulifungua kwa kucha, kwa meno, likakataa.

Gauni likamkaa vizuri sana. Wiki iliyofuata likawa juu ya magoti. Nikamtania dada, "Sasa na wewe hujui kushona, ungemwachia fundi mwenzio." Akacheka, akasema kitambaa kimerudi kwa maji. Akampima upya, akashusha pindo lote. Siku chache baadaye pindo likawa juu tena.

Majirani wakawa wanasema mashallah, mtoto anarefuka. Nasi mwanzoni tulifurahi, siwezi kukuficha. Halafu nikaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Uso ulikuwa ule ule, mapengo yale yale. Viganja vile vile vidogo. Ila mikono ilikuwa imeshuka mpaka magotini, na shingo haikuwa shingo ya mtoto.

Usiku alikuwa analia.

"Mama, miguu inanivuta."

Mfaume alikuja kutusalimia mchana mmoja. Alipomwona dada na ile futi shingoni hakuitikia hata shikamoo. Akakaa chini pale pale mlangoni.

"Mmempima mtu kwa hiyo?" akanong'ona.

Ndipo akatueleza. Dada akamwita Zena, akamsimamisha ukutani, akainyoosha futi. Utosi wa mtoto ulikuwa chini ya fundo kidogo tu. Upana wa kiganja.

Dada akadaka mkasi. Mfaume akamshika mkono. "Ukiikata, Biubwa, ndiyo unamsogezea mwisho wenyewe." Tukamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, Mwalimu Abdala, akasoma Yasini mpaka sauti ikamkauka. Tukamwomba kaburi la Bi Mwanakheri lifunuliwe, arudishiwe kipimo chake. Akasema hilo hawezi kuliruhusu, na machozi yalikuwa yanamtoka alipokuwa akilisema.

Mfaume akaona basi aifukie futi pembeni ya kaburi. Akaenda. Sisi tumekaa na mtoto uani, saa za kuanika nguo, jua kali. Ghafla Zena akashika koo. Akafungua mdomo. Ulikuwa umejaa udongo mbichi.

Nikakimbia mimi mwenyewe makaburini kumwambia Mfaume afukue. Akafukua kwa mikono. Niliporudi mtoto alikuwa anapumua.

Baada ya hapo hatukuwa na la kufanya. Hakuna. Unaijua hali hiyo? Kukaa na mtoto mzima wa afya, anakula, anacheka, nawe unajua? Dada akawa anamlaza amejikunja. Akamfunga magoti kifuani kwa kanga ili asinyooke. Analala amemkumbatia, amembana kwa nguvu zake zote. Nilimsikia akinong'ona gizani, "Usikue, mama. Nakuomba. Usikue."

Asubuhi kanga inakutwa imechanika.

Alfajiri ya Ijumaa dada alipitiwa na usingizi kidogo tu. Tulimkuta Zena chumba cha kushonea. Amelala pale pale alipooshewa bibi yake, amenyooka, uso kibla, mikono ubavuni. Hakuna aliyempima tena kwa futi. Ya nini?

Safari hii Mfaume alikata kijiti. Wakachimba kaburi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka saba. Kijiti na futi vyote vikafukiwa naye, na tukasema, angalau limekwisha.

Kitwana alitungojea tumalize matanga, akaja kukabidhiwa nyumba. Alikuwa mtu wa adabu, alitoa pole kwanza. Shemeji akamwingiza chumba cha kushonea. Akasifu ukubwa, akasifu kuta. Halafu akatazama juu.

"Mlikuwa mkimpandisha mtoto kwa ngazi?"

Tukainua macho. Karibu na paa, juu kuliko mtu yeyote anavyoweza kufika, palikuwa na alama mbili za viganja kwenye chokaa. Viganja vidogo. Chini yake ukuta ulikuwa mweupe mtupu.

Shemeji akapanda ngazi akafuta, akapaka upya. Kesho yake viganja vilikuwa vimehamia kwenye boriti. Tena vilikuwa vimegeuka, vidole vikielekea juu, vikisukuma.

Dada alisimama chini ya ile boriti, uso juu. Sikuwahi kumwona ametulia hivyo.

"Anainama," akasema.

"Nani, dada?"

"Mwanangu. Paa linamgonga."

Akamgeukia mumewe, akamshika mkono. "Baba Zena, nyumba siuzi. Ninakuomba uinue paa."

Mtu mwingine angemkemea. Shemeji Mwinyijuma aliangalia juu, akalia mbele yetu sote, akaenda kukata miti. Kitwana aliondoka bila kuaga. Kila paa likiinuliwa, viganja hulifikia tena. Chumba kile sasa kimerefuka juu kuliko msikiti, na wapita njia wanacheka, wanauliza ni ghala la nini. Dada amekwisha tangulia mbele ya haki. Shemeji yumo peke yake.

Nilikwenda kumjulia hali mwezi uliopita. Amezeeka, magoti hayana nguvu, nimemkuta katikati ya ngazi na boriti mpya begani. Nikamsihi ashuke. Alinitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, nikifa mimi, nani atampandishia paa?"